Pepo wa Uvivu na Pareto ya Mama

Nimewahi kusikia watu wakisingizia malaria, wakisingizia mgongo, wakisingizia hata msiba wa shangazi ambaye hajazaliwa. Ndugu yangu ndiye mtu pekee niliyemwona akimsingizia shetani, tena kanisani, tena akapigiwa makofi.

Niseme mapema kwamba simwandiki kwa upole. Anayetaka upole amwendee mama, anao wa kutosha nyumba nzima, na ndio uliotufikisha hapa.

Tunaishi nje kidogo ya Elburgon, upande wa msituni, ambako ukungu haujui kuondoka mapema na harufu ya mbao mbichi kutoka viwandani huingia hadi kwenye chai. Nilirudi huko kutoka Nakuru mume wangu alipofariki. Nilimkuta mama na nyonga yake mbovu, na shamba la pareto linaloteremka hadi kwenye kijito, na mtoto wake wa mwisho, mwanamume mwenye ndevu na mabega ya kubebea magogo, amelala.

Asiyeijua pareto hudhani ni maua ya kupamba meza. Ni maua kweli, meupe yenye jicho la njano, lakini hutumika kutengenezea dawa ya kuua wadudu, na kazi yake haina likizo. Ua likifunguka lichumwe. Unalikata kichwa kwa kidole gumba, bila kikonyo, unalitupa kwenye kikapu kilichofungwa kiunoni, unainamia lingine. Ukifika mwisho wa shamba, kule ulikoanzia yameshafunguka mengine. Ukichelewa yanageuka kahawia na kupukutika, na gari la wanunuzi haliji kuchukua takataka. Kisha yaanikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu yakikaa kwenye gunia yanapata joto na kuoza. Mikono ya mchumaji nayo huwasha, hutoka vipele, hupasuka.

Mama alikuwa akichuma peke yake. Daktari mmoja wa Nakuru alimpima nyonga, akamwambia aache kuinama kwenye ule mteremko, la sivyo atamalizia siku zake kitandani. Mimi nilichuma alfajiri kabla ya kwenda kushona nguo sokoni, na sehemu kubwa ilinishinda. Jambo lilikuwa wazi hata kwa kuku wa uani: ama ndugu yangu achume, ama mama achume mpaka aanguke.

Ndugu yangu hakukataa. Hilo lingekuwa jambo la kiume, ningelipigania. Yeye aliahirisha. Asubuhi kulikuwa na umande, na umande, alisema, huharibu maua. Umande ukikauka lilikuja jua, na jua lilimuumiza kichwa. Jua likipungua zilikuja dalili za mvua. Kati ya dalili za mvua na mvua yenyewe kulikuwa na chakula, na chakula hakikumuumiza kitu.

“Muache tu, mami,” mama aliniambia. “Ako na mawazo mengi.”

“Mawazo ya nini?”

“Ya maisha.”

Baba yetu, Mungu amrehemu, hakuwa na mawazo ya maisha. Aliomba kila asubuhi akiwa amesimama mlangoni, buti miguuni, kofia mkononi. Maombi yake hayakuchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba za buti. Alimwomba Mungu nguvu, kisha akaondoka kwenda kiwanda cha mbao kuzitumia. Hiyo ndiyo dini niliyolelewa nayo, na mpaka leo sijaona ilipopungukiwa.

Kwa hivyo nilikwenda kwa mchungaji. Kanisa letu ni la mabati, na mchungaji wake ni mtu mwenye sauti kubwa kuliko jengo. Nilitaka amwite ndugu yangu pembeni amwambie ukweli, kwamba mtu mzima anayemtazama mama yake mgonjwa akifanya kazi yake anamkosea Mungu. Maneno machache tu. Mchungaji alinisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

“Mama, umefanya vizuri kuja,” akasema. “Hii si tabia. Hii ni roho. Roho ya uvivu. Imeshika vijana wengi sana hii area.”

“Pastor, mimi nilidhani ni usingizi.”

“Ndiyo maana tunahitaji macho ya kiroho.”

Jumapili iliyofuata alimwita mbele, akamwekea mikono, akaanza kumfokea pepo. Pepo alifokewa vizuri sana. Aliitwa mwizi, mwongo, mharibifu wa nyumba, maneno yale yale niliyotaka ndugu yangu aambiwe, na ndugu yangu akasimama pale katikati akiitikia kwa kichwa kama jirani anayesikiliza kesi ya mtu mwingine. Kisha akaanguka. Sijawahi kuona mtu akianguka kwa uangalifu kama ule. Alitupa jicho nyuma kuhakikisha wazee wa kumdaka wako tayari, halafu akajiachilia kama anayekaa kwenye kochi. Wakamfunika leso. Ibada iliendelea hadi tukatoa sadaka na kuimba wimbo wa mwisho, yeye bado amelala. Nilimnong'oneza mama kwamba pepo hajatoka. Mama alinifinya paja.

Kuanzia siku hiyo uvivu wake ulipata heshima. Zamani alikuwa mtu aliyelala. Sasa alikuwa mtu anayeshambuliwa. Ukimwambia kikapu kile pale, alikushika bega na kukuomba umkumbuke katika maombi. Mchungaji akaamua kwamba pepo wa namna hiyo hatoki kwa mkono tu, lazima mtu akafunge Menengai.

Kule Nakuru, ndani ya miamba ya kreta ya Menengai, kuna mapango ambamo Wakristo huenda kufunga na kuomba. Siwacheki wote. Nimewahi kumwona mwanamke aliyetoka kule baada ya kumzika mtoto, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna nisiyoweza kuieleza. Lakini mwanamke yule hakubeba mto. Ndugu yangu alibeba mto, blanketi zito, na betri ya kuchajia simu, akaondoka wiki ambayo shamba lote lilikuwa jeupe kuanzia ua wa nyumba hadi kijitoni. Mama alimsindikiza hadi barabarani akilia kwa furaha.

Maua hayakungoja ukombozi. Nilivumilia siku chache, nikafunga cherehani yangu, nikaenda kumtoa. Niliteremka kwenye ile njia ya mawe na vumbi, viatu vikinisaliti kila hatua, nikapita watu wazima waliokuwa wakilia mbele za Mungu kwa mambo mazito, nikapewa maelekezo ya pango lake. Nilimkuta mlangoni mwa pango mchana kweupe, chali, Biblia ikiwa wazi juu ya uso wake kumkinga na mwanga. Niliinua Biblia.

“Sister!” akasema. “Nilikuwa natafakari neno.”

“Ulikuwa unakoroma.”

“Mwili ndio ulikuwa umelala. Roho ilikuwa macho.”

“Basi roho ibaki hapa. Huo mwili niupeleke Elburgon ukachume pareto.”

Alinitazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonichemsha damu, kwa sababu alikuwa akinihurumia mimi.

“Siwezi kata maombi katikati, siz. Hiyo kitu ikitoka ipate nimeacha mlango wazi, inarudi na wenzake. Unataka nirudi nikiwa mbaya zaidi?”

Nilijaribu kuwaza mbaya zaidi ingekuwa namna gani, nikashindwa. Wanawake wa pango la jirani walikuja kunisihi nisimsumbue. Walisema ni kijana mwenye mzigo mkubwa wa maombi, na kwamba jioni walikuwa wakimwachia uji asije akazimia. Nilimtazama vizuri. Alikuwa amenenepa. Nimeishi miaka mingi kati ya watu wanaofunga, na huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akiongeza mashavu.

Nilirudi bila yeye. Mama nilimkuta shambani, amepiga magoti juu ya kipande cha gunia kwa sababu kuinama kulikuwa kumekataa kabisa. Alisonga kwa magoti kutoka mche hadi mche, akivuta kikapu pembeni, sketi imeloa matope. Nilimshika kwapa kumwinua. Alinisukuma mkono.

“Mtoto ako vitani, mami,” akasema. “Na mimi wacha nimshikilie huku.”

Aliporudi kutoka vitani alitoa ushuhuda. “Nimefunguliwa!” alipaza sauti, na mabati yakatetemeka kwa makofi. Alisimulia jinsi pepo alivyomtokea pangoni, mzito, mwenye umbo la godoro, akamwambia lala, naye akakataa. Watu walilia. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hakukataa, lakini kanisani hakuna mtu anayeuliza kama kuna shahidi mwingine.

Jumatatu jua lilifika usawa wa dirisha lake, likapita, likaenda zake. Nilimgongea. Alisema kupigana na pepo si mchezo, mwili lazima upumzike.

Hapo ningeacha kumwandika, ungekuwa uvivu wa kawaida, na nchi hii imejaa uvivu wa kawaida. Lakini siku ya ushuhuda alikuwepo mgeni, mchungaji wa upande wa Keringet, naye akampenda. Akamwalika akafundishe semina. Somo lilikuwa Kushinda Roho ya Uvivu. Watu wa Keringet, wanaolima viazi katika baridi inayokausha vidole, walikaa kwenye mabenchi wakafundishwa bidii na mtu ambaye hajawahi kumaliza mstari mmoja wa pareto. Wakashukuru. Kutoka Keringet akaitwa Njoro, kutoka Njoro akaitwa Nakuru, hata Gilgil. Alipata suti ya kijivu. Mama aliipiga pasi ya makaa kila Ijumaa, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo kwa sababu mwingine ulikuwa ukimuuma.

Ikawa sasa hana hata haja ya visingizio vya umande. Alikuwa na kazi, nayo kazi ilikuwa kuzungumza juu ya kazi. Nilipomlaumu alinijibu akitabasamu: “Mathe anachuma na furaha, siz. Umewahi muuliza?” Ni kweli alichuma kwa furaha. Kitu hicho kiliniudhi kuliko uongo wowote.

Alikuwa akirekodi mafundisho yake na kumtumia mama kwa simu. Mama aliiweka simu kwenye mfuko wa aproni, akateremka nayo shambani. Ukipita barabarani ulisikia sauti ya ndugu yangu ikitoka katikati ya maua: “Amka, wewe mvivu! Mungu habariki mtu amekaa!” Na mama, kwa magoti, huku akikata vichwa vya maua kwa kidole kilichopasuka, akijibu, “Amina, baba.”

Hatimaye mchungaji wetu, kwa wivu nadhani, akamwomba afundishe kanisani kwetu. Akapewa Jumapili nzima.

Asubuhi ya Jumapili hiyo mama hakuamka. Kwa kawaida alikuwa akichuma kidogo hata kabla ya ibada na kumwomba Mungu msamaha akiwa njiani. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameitazama miguu yake kama viatu vya mtu mwingine.

“Imekataa,” akasema.

Nilimwambia abaki alale. Akasema hawezi kukosa, ni mtoto wake anahubiri. Nilimvalisha, tukaenda polepole, tukikaa kwenye kila gogo.

Na alihubiri vizuri, sitadanganya. Alikuwa na sauti ya baba. Alitembea huku na huku ndani ya suti ya kijivu, akageuza uvivu kuwa mnyama, akamchinja mbele yetu, na mwishoni akapunguza sauti.

“Kuna mtu yuko hapa leo, hiyo roho imemshika,” akasema. “Unajijua. Kuja mbele, usione aibu. Leo ndiyo leo.”

Wakatoka vijana kadhaa wakitazama viatu. Akatoka mwanamume wa kiwanda cha mbao, ambaye kila mtu alijua kwamba hupakia lori kutwa nzima na kosa lake ni kusinzia wakati wa mahubiri. Kisha mama akainuka. Nilidhani anataka choo. Akashika benchi la mbele, akashika la mbele yake, akaenda hivyo hivyo kwa kushikilia watu na mbao hadi akasimama mbele ya mwanawe, na kipaza sauti kilikuwa karibu, kwa hiyo sote tukasikia.

“Niombee na mimi, baba,” akasema. “Leo nimeshindwa kuamka. Hata jana niliacha kule chini bila kuchuma, nikakaa tu. Hiyo roho imeniingia.”

Kama kuna mtu aliyecheka, sikumsikia, na simsamehe. Mama aliinua mikono yake, viganja juu, kama wafanyavyo watu wanaopokea. Ilikuwa imevimba, imejaa vipele, na nyufa zake zilikuwa na weusi ambao sabuni haiutoi. Ndugu yangu aliinua mkono wake kuuweka juu ya kichwa cha mama, kwa mazoea, kama alivyowafanyia watu wa Keringet na Njoro. Mkono ukasimama hewani.

Nilitaka aombe. Nasema kweli. Nilitaka amkemee pepo wa uvivu atoke kwa mama yetu, mbele ya watu wote, ili nimchukie kwa amani hadi siku ya kufa kwangu. Nilikuwa nimekaza meno nikingoja.

Hata hilo hakunipa. Aliishusha mikono yote miwili, akaweka kipaza sauti sakafuni, kikapiga kelele mbaya, naye akatoka kwa mlango wa pembeni. Mchungaji akaanzisha wimbo kwa haraka. Mama alibaki pale ameinamisha kichwa, akingoja kuguswa. Nilikwenda kumchukua.

“Ameenda wapi?” akaniuliza. “Hajaniombea.”

Tulimkuta shambani. Alikuwa ndani ya suti, suruali imekunjwa hadi magotini, kikapu amekifunga juu ya koti. Mama alishtuka, akasema leo ni Jumapili. Mimi nilitazama ndani ya kikapu. Alikuwa amechuma na vikonyo, amechuma machipukizi ambayo hayajafunguka, amechuma na majani. Maua mazuri aliyaacha yamesimama.

“Unachuma kama mbuzi,” nikamwambia.

“Nionyeshe basi,” akasema bila kuinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakukuwa na mvua.

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha kwa hasira, nikimvuta kidole gumba pale kinapotakiwa kukaa, na yeye akaacha kivutwe.

Msidhani amekuwa malaika. Anachuma, lakini hunung'unika kuhusu umande, na mikono yake anaipaka mafuta kama bibi harusi. Wa Keringet walipompigia simu aliwaambia yuko na kazi, na neno hilo kinywani mwake bado naliona limekaa kama nguo ya kuazima. Hajatoa ushuhuda. Mchungaji ananiuliza lini atarudi kwenye huduma, nami namwambia yuko kwenye huduma, ila yeye mchungaji hajui tu pa kuangalia. Lakini sijamsamehe, kwa sababu nyonga ya mama haikurudi naye. Daktari alikuwa ameonya. Sasa mama haendi shambani kabisa. Hukaa kwenye kigoda huku juu, karibu na turubai tunapoanika maua, akifukuza kuku.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka sokoni jua likiwa bado lipo. Kule chini ndugu yangu alikuwa anachuma. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, simu iko mfukoni mwa aproni, na kutoka mfukoni ilikuwa ikitoka ile sauti ya zamani, ya enzi za suti: Mungu habariki mtu amekaa. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Niliizima simu.

“Niombee, mami,” akasema. “Kutwa nzima nimekaa tu. Yule mtoto anafanya kazi na mimi nimekaa.”

Nilitazama huku na huku kama kuna mtu mwingine wa kuitwa. Mimi si mtu wa mambo hayo. Niliweka mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikahisi fuvu lake dogo, lenye joto la jua. Sikumkemea pepo yeyote. Nilimwomba Mungu ampe mama yangu usingizi, mrefu, hadi jua liwe juu, na akiamka asiwe na hatia ya kitu chochote.

“Amina,” akasema, akajifuta macho.

Kisha akanituma nimpelekee ndugu yangu chai, na nisisahau kuweka sukari nyingi, kwa sababu leo amechoka sana.